Mto Hauna Uzito, Nauli Inatoka Wapi?

“Dada, mito yenyewe haina uzito. Elfu ishirini na tatu ya nini?”

Ujumbe wa namna hii hauishi kwenye simu yangu, na mara nyingi unatoka kwa mtu ambaye bei ya bidhaa hakuibishia hata shilingi. Nauza mito, mashuka na maduveti mtandaoni, mzigo ukiwa Kariakoo na wateja wakiwa popote. Nikikaa na wenzangu wa viatu, wa vyombo na wa nguo za watoto, wote tunalia kilio kimoja: mtu akishapenda kitu, bei yake anaimeza. Nauli ndiyo inayomkaba kooni.

Na ana sababu. Shuka ameliona kwenye picha, amelikuza kwa vidole, ameuliza kama linachuja rangi. Nauli haina picha. Anachokiona ni muuzaji wa mjini, asiyemjua, akitaja hela nyingine juu ya ile aliyokwisha kuikubali. Isitoshe, wapo kati yetu wanaoshusha bei ya bidhaa ili mtu avutike, halafu faida yao wanaifukia kwenye usafiri. Kwa hiyo mteja anayehoji nauli simwiti msumbufu. Ni mtu anayelinda mfuko wake, na anastahili hesabu.

Hesabu yenyewe inaanzia hapa: mzigo wa mkoani una safari tatu, si moja. Ya kwanza ni kutoka dukani hadi kwenye basi. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, bodaboda ya kutoka Kariakoo inakata takriban kilomita 20 kwenye Barabara ya Morogoro, na dereva hapeleki kwa sura yangu. Ya pili ni ya basi lenyewe. Ya tatu ndiyo inayosahaulika: mteja anasema yupo Njombe, kumbe yupo Ludewa au Makete, na basi langu linaishia Njombe mjini. Kutoka hapo kuna gari nyingine, ina nauli yake, na mimi wa Dar es Salaam siijui wala sina wa kumwuliza. Yeye anaijua.

Ugomvi mwingi unazaliwa pale muuzaji anapozijumlisha safari mbili kuwa namba moja na kuinyamazia ya tatu.

Twende kwenye dirisha la vifurushi vya basi, maana huko ndiko bei inakopatikana. Pale ninapopenda kutumia mzigo, mzani upo, lakini juu yake pamewekwa chupa ya chai. Karani wa vifurushi hatoki na kalkuleta, anatoka na macho. Analiangalia salfeti langu, analisukuma kwa mguu, anauliza, “Humu mna nini?” Nikisema mito, anakunja uso kabla sijamaliza. “Mito inakula nafasi, dada. Elfu ishirini.” Nasema kumi. Anageuka kumhudumia mwingine, mzee mwenye kiroba cha misumari ambacho vijana wawili wamekibeba kwa shida, na mzee yule anatozwa chini ya nilivyotajiwa mimi. Kisha karani anarudi, tunakutana kwenye kumi na tano, anachukua maka peni na kuandika ubavuni mwa salfeti: jina la mpokeaji, namba ya simu, NJOMBE, na chini yake IMELIPWA. Hilo neno la mwisho ninalisubiri nilione kwa macho yangu ndipo niondoke.

Kwa nini misumari ilipe kidogo? Kwa sababu buti la basi halijai kwa kilo, linajaa kwa nafasi. Kiroba cha misumari kinasukumwa kwenye kona na juu yake yanapangwa masanduku ya abiria. Salfeti la mito limekaa mahali pa masanduku matatu na huwezi kuweka kitu kizito juu yake. Karani hajasoma popote, lakini anachofanya kwa macho ndicho kinachofanywa kwa fomula na kampuni kubwa za vifurushi vya ndege. Zinapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zinazidisha, kisha zinagawanya, mara nyingi kwa 5,000. Jibu linahesabiwa kuwa kilo. Chukua boksi la mito lenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40: ukizidisha unapata 120,000, ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 24. Kwenye mzani boksi hilohilo halifiki hata kilo saba. Unatozwa ile iliyo kubwa.

Hesabu hii ninayo kwenye simu kama picha, na mteja wa “mito haina uzito” namtumia hiyo kabla sijaongeza neno. Wengi wanacheka, wanalipa. Wengine wanauliza swali zuri zaidi: je, haiwezi kubanwa? Inaweza. Mito ya nyuzi tunaikunja, tunaikalia, tunaifunga kamba ikiwa bado imetoa pumzi, na minne inaingia palipokuwa pa miwili. Ikifika ianikwe juani na kupigwapigwa, inafura upya. Mito ya sponji nzito haikubali mchezo huo, na mteja anayeitaka ajue mapema.

Hili la nani alipe, na lini, lina umri mrefu kuliko simu. Uingereza kabla ya 1840, barua kwa kawaida ililipiwa na aliyeipokea, kwa kufuata umbali na idadi ya karatasi. Mtu aliweza kuitazama kwa nje mlangoni, akakataa kulipa, na posta ikawa imeibeba bure. Mwaka 1837 Rowland Hill aliandika kijitabu akionyesha kuwa kuisafirisha barua yenyewe kuligharimu kidogo sana. Kilichokula hela ni kuhesabu bei ya kila barua na kumfuata kila mpokeaji adaiwe. Dawa yake ilikuwa bei moja, ijulikane, ilipwe na mtumaji kabla: peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, popote nchini. Stempu ya kwanza, Penny Black, ikaanza kutumika Mei 1840.

Mteja wa mkoani anayeniambia “tuma, nitalipa nikipokea” ananirudisha kabla ya 1840. Ndani ya Dar es Salaam nakubali, bodaboda atarudi na mto wangu jioni ileile. Kwa mkoani sikubali hata akiwa mtu wa kanisani kwetu. Akikataa mzigo Songea, mimi nina nauli ya kwenda niliyokwisha kulipa, nauli ya kurudi ninayodaiwa, na mito iliyosafiri kutalii.

Kwa hiyo kabla hela haijatumwa, mteja anapata ujumbe ulioandikwa hivi: “Mama, duveti ni 65,000. Bodaboda hadi stendi 8,000. Basi hadi Njombe ni kati ya 10,000 na 15,000. Nitakutumia picha ya risiti. Ikipungua nakurudishia, ikizidi 15,000 ni juu yangu. Njombe hadi Ludewa utalipa wewe hukohuko, tafadhali ulizia kwanza.” Basi. Sipambi.

Wenzangu hawanielewi kwenye “ikizidi ni juu yangu”. Wanasema najitia kitanzi. Mimi naona ndiyo inayoondoa ugomvi kuliko maneno mengine yote, kwa sababu mteja anajua kuwa kule dirishani nitapatana na karani kama napatana kwa hela yangu. Na chenji irudi kweli. Elfu mbili aliyorudishiwa mtu bila kuidai inamrudisha yeye na shemeji zake wawili. Mwezi Juni, baridi ya Makete ikianza, naijua faida yake.

Kuna hili la hela ya kutolea. Karani wa basi anataka noti, mteja ametuma kwa simu, na wakala ana makato yake. Kama hukuyahesabu mapema, hayo makato yatageuka kuwa mjadala wa nusu saa kuhusu shilingi mia nane. Mimi nayaweka ndani ya ile elfu nane ya bodaboda na sifungui mdomo. Wauzaji wa “usafiri bure” wanafanya vivyo hivyo kwa nauli nzima, tofauti ni kwamba wa Kibaha anamlipia wa Kigoma bila kuambiwa. Sipendi, ingawa najua inauza.

Ugomvi ukitokea baada ya mzigo kufika, jambo la kwanza ni kujua hela imedaiwa na nani, na kwa kitu gani. Mteja mmoja wa Masasi alinipigia amekasirika: yupo ofisi ya basi, risiti inaonyesha imelipwa, na bado anadaiwa elfu tano. “Dada, umenidanganya.” Nikamwambia, “Samahani mama, usilipe kwanza. Nipe huyo kijana niongee naye.” Kijana akapokea, shikamoo ikapita, akaeleza bila haraka: mzigo ulilala stoo, walimpigia mwenyewe, simu haikupatikana. Elfu tano ilikuwa ya kulaza. Nikamwomba apunguze, akakubali elfu mbili, na mama akailipa maana simu yake kweli ilikuwa imeisha chaji. Kama ningekuwa mwepesi wa kuomba radhi kwa kutuma hela, ningelipia kosa lisilo langu. Na kama ningekuwa mwepesi wa kubisha, ningempoteza mteja. Siku hizi ujumbe wa risiti unaenda na sentensi ya ziada: ufuate mzigo siku unapofika.

Kurudisha mzigo ni pagumu zaidi. Nikituma rangi ya maziwa badala ya kijivu, nauli zote mbili ni zangu, sijadili. Mteja akibadili mawazo, ni zake. Katikati kuna wale wanaosema, “Kwenye picha ilikuwa imeiva zaidi.” Simu zinadanganya rangi, zao na zetu, na hapo hakuna mwenye kosa wa kumshika. Nagawana naye nusu kwa nusu, au namwachia bidhaa kwa bei pungufu inayokaribia nauli ya kurudi. Hesabu ikifanywa mbele yake, wengi wanabaki na shuka.

Kwa anayeona mambo haya ni ya maneno matupu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Yale mazungumzo ya WhatsApp, picha ya risiti na ujumbe wa muamala si porojo, kwa hiyo usiyafute. Wasafirishaji wa vifurushi nao wanapewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo pia hupokea malalamiko juu ya huduma hizo. Na kama mzigo ni mdogo, usiidharau Posta: bei yao inafuata uzito na mahali mzigo unapokwenda, ipo kwenye orodha, na hakuna wa kukunja uso akisikia neno mito. Foronya na mashuka mepesi nayapitisha huko bila kelele, na mteja anayetaka uhakika wa bei anaweza kwenda kuuliza kwenye posta ya kwao.

Wapo pia wa mbali zaidi. Dada mmoja anayeishi Muscat, mzaliwa wa Unguja, aliona seti ya duveti la rangi ya zambarau akaitamani. Nikapima boksi, nikagawanya kwa ile 5,000, nikauliza bei ya ndege. Nauli ilipita bei ya duveti, na haikupita kidogo. Ningeweza kumtajia jumla nikanyamaza, pengine angelipa. Nilimtumia namba zote mbili, kila moja kwenye mstari wake, nikamwambia maduveti yapo hukohuko Muscat, anunue. Akauliza kama nina kitu kisichokula nafasi. Akachukua foronya sita zilizotariziwa, zikaingia kwenye bahasha moja, na nauli yake hakuihoji.