"Hakikuonekana" si "Hakipo": Lugha ya Vipimo vya Figo

Baadhi ya wafasiri wa taarifa za hospitali huandika "kijiwe hakikuonekana" na "kijiwe hakipo" kana kwamba ni kauli moja. Kwa maoni yetu, kauli hizo hazina budi kutenganishwa.

Vijiwe vingi vya figo vina kalsiamu, ambayo huzuia miale ya eksirei. Ndiyo sababu aghalabu huonekana katika picha ya kawaida. Vijiwe vya asidi ya yuriki havizuii miale hiyo vya kutosha, hivyo huweza kuwamo figoni bila kuonekana. Ultrasaundi, itumiayo mawimbi ya sauti, huweza kuvigundua, ingawa vilivyo vidogo pengine huikwepa. Skani ya CT huonyesha takriban vijiwe vyote. Upimaji wa mkojo nao hudhihirisha dalili kama vile damu au maambukizo, wala si kijiwe chenyewe.

Hivyo basi, twapendekeza mfasiri ataje kwanza kipimo kilichotumika, kisha aandike "hakikuonekana" iwapo ndivyo daktari alivyoandika. "Hakipo" ni uamuzi wa daktari. Mfasiri akijitwalia uamuzi huo, mgonjwa aweza kurudishwa nyumbani pamoja na maumivu yake.