Binti Naye Ajenge

Mowlem ni mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, jirani na Umoja na Kariobangi Kusini. Wazazi wa huko wana swali lile lile tulilo nalo sisi wa Mombasa, Lamu na Malindi. Binti amemaliza kidato cha nne, karo ya kumwendeleza ni haba, na kaka yake naye angoja zamu. Je, akae nyumbani mpaka aposwe? Ama asafiri Ghuba kutumikia nyumba za watu?

Leo twawasimulia wasomaji wetu habari za mwanamke aliyelijibu swali hilo kwa vitendo. Judith Owigar alisomea sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia katika fani ambayo wanawake walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 2010, yeye na wenzake, wakiwamo Linda Kamau na Angela Oduor, waliasisi AkiraChix, wakaanza kuwafundisha wasichana wa familia zenye kipato kidogo kuandika programu na kujenga tovuti. Njia ilikuwa imekwisha kufyekwa na Dorcas Muthoni, aliyeanzisha AfChix mwaka 2004 ili kuwaunganisha wanawake wa Afrika walio katika kazi za kompyuta.

Kazi yenyewe yafanana na kujenga nyumba. Lugha iitwayo HTML husimamisha kuta, CSS hupaka chokaa na kutia nakshi, na JavaScript huufanya mlango uitike mgeni anapobisha. Mjenzi huhitaji kompyuta, umeme, intaneti na subira nyingi, kwani alama moja ikikosewa, ukurasa mzima waweza kuharibika.

Hofu ya mzazi twaielewa. Simu imetuletea mengi nyumbani tusiyoyaridhia. Lakini binti huyo simu anayo tayari, na kutwa hutazama yaliyojengwa na wengine. Akifunzwa kujenga, aweza kuitengenezea madrasa tovuti yake, au duka la mabuibui la shangazi yake, na kazi hiyo aweza kuifanya akiwa nyumbani kwao, kwa stara na kwa riziki ya halali.

Hatusemi kwamba ni njia ya mteremko. Wateja hutafutwa, malipo huchelewa, na ujuzi wa jana huchakaa. Wala hatusemi kila binti awe mjenzi wa tovuti. Twasema asinyimwe nafasi kwa sababu tu ni binti.

Basi wazazi wenzetu, wa Mowlem na wa Pwani, kabla hamjakata shauri karo ni ya nani, mwiteni binti yenu aketi nanyi. Mwulizeni angependa kujenga nini, kisha mumsikilize mpaka amalize.