Fumbo na Jukwaa Navyo ni Kazi

Waajiri wengi wa wasanidi programu huipima wiki kwa kinachoonekana kwenye tovuti: fomu ya malipo inafanya kazi, hitilafu imeondolewa, mteja ameridhika. Siku ambayo msanidi amekwenda kuzungumza kwenye kongamano huandikwa kuwa ni safari, na saa alizokaa na fumbo la kuprogramu huonekana ni mchezo wa asiye na shughuli. Hesabu hiyo haiko sawa, kwa kuwa jukwaa na fumbo vimeilisha kazi ya tovuti tangu tovuti zenyewe hazijakuwapo.

Mwaka 1956 kituo cha hisabati cha Amsterdam kilikuwa kinazindua kompyuta yake mpya, ARMAC. Edsger Dijkstra, mwanaprogramu wa kituo hicho, alitakiwa kuwaonyesha watu wasioijua kompyuta kwamba mashine ile ina faida, kwa hiyo akatafuta swali ambalo kila mmoja angelielewa: kati ya miji miwili ya Uholanzi, njia fupi kuliko zote ni ipi? Jibu alilipata mkahawani kwa takriban dakika 20, bila kalamu wala karatasi, na miaka mingi baadaye alieleza kuwa kukosa kalamu ndiko kulikomlazimisha aepuke ugumu usio wa lazima. Alilichapisha mwaka 1959 katika kurasa chache tu. Leo OSPF, utaratibu ambao ruta nyingi za mitandao mikubwa huutumia kuchagua njia ya kupitishia data, umesimama juu ya jibu hilo. Ikumbukwe kwamba hakuna mteja aliyeliagiza. Lilizaliwa kwa sababu palikuwa na hadhira ya kueleweshwa.

Hadhira ina nguvu nyingine, nayo ni kumfanya mtu ajihoji. Msanidi programu Ryan Dahl aliitambulisha Node.js, zana ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, kwenye kongamano la JSConf EU mjini Berlin mwaka 2009. Mwaka 2018 alirudi kwenye kongamano hilohilo, akataja mbele ya watu mambo anayoyajutia katika kazi yake, kisha akaonyesha Deno, mradi uliokusudiwa kuyarekebisha. Ripoti ya ofisini ni nadra kuzaa ukweli wa namna hiyo. Na kwetu jukwaa lina uzito wa pekee: DjangoCon Africa, kongamano la watumiaji wa Django, zana ya kutengenezea tovuti, ilipofanyika Zanzibar mwaka 2023, vijana wa pwani waliweza kukutana ana kwa ana na wanaoitunza zana wanayoitumia kila siku, bila kuomba viza ya Ulaya.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Peter Norvig, aliyeongoza utafiti Google, aliwahi kusema kwamba takwimu za awali za kampuni hiyo zilionyesha washindi wa mashindano ya kuprogramu hawakuwa wafanyakazi bora, kwa sababu wamezoea kukimbilia jibu. Hata tukiikubali hoja hiyo, inayoshtakiwa hapo ni haraka, si fumbo. Eric Wastl, mwanzilishi wa Advent of Code, mfululizo wa mafumbo ya kila Desemba tangu 2015, aliiondoa mwaka 2025 orodha ya dunia nzima ya waliotangulia kumaliza, na siku za mafumbo akazipunguza kutoka 25 hadi 12. Mafumbo yakabaki. Wengine husema akili mnemba sasa inayafumbua kwa sekunde chache. Ni kweli kwa mengi, lakini msimbo ulioandikwa na mashine lazima mtu ausome na kujua utaelemewa wapi data ikiongezeka, na jicho la kuliona hilo hukua kwa kuhangaika mwenyewe na matatizo madogo yenye mipaka iliyo wazi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la muda. Mama anayelea, au kijana anayefanya kazi mbili ili alipe kodi ya nyumba, hana usiku wa kufumbua mafumbo wala nauli ya kongamano. Tukiviacha vitu hivi viwe vya saa za ziada, tutawapa nafasi walewale wenye nafasi tayari. Ndiyo maana saa hizo zinapaswa kuwa ndani ya wiki inayolipwa, ziandikwe kwenye ratiba pamoja na marekebisho ya fomu ya malipo, na nauli ya mzungumzaji iwe kwenye bajeti ya idara tangu mwanzo wa mwaka.