Injini Haichemshi, Mbona Wewe Unachemsha?

Gereji wanakuita fundi. Unafungua silinda hedi, unabadilisha gasketi, unarudisha, gari linaondoka. Lakini ukisikia Jumatatu kuna mtihani wa nadharia, tumbo linakukoroga. Usione haya, rafiki. Wanafunzi wengi wa umekanika, wasichana kwa wavulana, wanaipenda spana kuliko kalamu. Shida ni kwamba VETA na vyuo vingine vya ufundi haviangalii mikono tu. Nadharia nayo inahesabiwa, na ukichemsha hapo unaweza kubaki ngazi ile ile huku wenzako wanapanda.

Sasa kwa nini anayejua kutengeneza ashindwe kuandika? Mkono unajua namna ya kufanya, karatasi inauliza sababu. Chukua swali hili: "Eleza sababu nne za injini kuchemsha." Ukiandika "rejeta mbovu" ukaishia hapo, utapata maksi kiduchu. Eleza hivi: kuna mahali panavuja, kwa hiyo maji yamepungua. Fani belti imelegea, kwa hiyo pampu ya maji haizunguki inavyotakiwa. Themostati imegoma kufunguka, kwa hiyo maji ya moto hayafiki kwenye rejeta. Njia za rejeta zimeziba, kwa hiyo joto halitoki. Umeona? Kila jibu lina "kwa hiyo" yake.

Mazoezi yake hayana gharama. Ukiwa kazini, ongea! Kila kifaa unachofungua, mweleze mwenzako kinafanya kazi gani, na kikifa gari litaonyesha dalili gani. Jioni funga daftari, halafu chora bila kuchungulia hatua nne za injini ya petroli: kuvuta, kukandamiza, kuwaka, kutoa moshi. Je, krankishafti inazunguka mara ngapi mpaka hatua zote nne ziishe? Mara mbili. Ulisema nne? Soma hapo tu ulipokosa, kesho ujaribu tena. Kujilazimisha kukumbuka ndiko kunakokaza kumbukumbu. Kusoma ukurasa mmoja mara kumi kunakudanganya tu kwamba unajua.

Halafu kuna majina. Gereji ukisema shokomzoba kila mtu anakuelewa, lakini kwenye karatasi unaweza kukutana na jina la Kiingereza, refu, ukadhani ni kifaa kigeni. Gawa ukurasa mara mbili: huku jina la mtaani, huku la kitabuni.

Maswali ya usalama usiyaruke, na hapa naongea kama mtu wa afya. Kwa nini usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto? Kwa sababu maji yale yamebanwa kwa presha. Ukifungua, presha inashuka ghafla, maji yanachemka na kukurukia usoni. Kwa nini usiache injini inanguruma ndani ya banda lililofungwa? Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kitauma, utasikia kizunguzungu, na unaweza kufa. Maksi hizo ni zako, na uhai pia.

Tuje kwenye kukesha. Najua wapo wanaopiga msuli mpaka alfajiri kwa kahawa, na wengine kwa mirungi. Mirungi Tanzania ni dawa ya kulevya iliyokatazwa na sheria. Inafukuza usingizi na njaa, moyo unakwenda mbio, halafu ikiisha nguvu unabaki umechoka na umenuna, saa ile ile karatasi inagawiwa. Kahawa si kosa, ila baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini, kwa hiyo ya usiku itakunyima usingizi. Na usingizi si uvivu jamani! Ubongo unapanga ulichosoma wakati umelala. Ukiwa na miaka chini ya 18 unahitaji saa 8 hadi 10, na ukiwa mkubwa zaidi angalau 7.

Kwa hiyo anza wiki tatu kabla, nusu saa kila jioni baada ya kunawa mikono (kwa sabuni, si kwa petroli, inaharibu ngozi). Jumapili saa nne usiku zima taa. Asubuhi kunywa uji, beba kalamu mbili, na ukipewa karatasi soma maswali yote kwanza, kisha anza na lile unalolielewa.