Uzibaji wa uvujaji mdogo katika paa la karavani

Uzibaji wa uvujaji mdogo katika paa la karavani ni kazi ya matengenezo inayozuia maji ya mvua kupenya kwenye viungo na matundu ya paa la nyumba inayovutwa na gari. Karavani, ambayo huitwa pia trela ya kusafiria, huwa na vitanda, jiko na mara nyingi choo. Hutumika sana Amerika Kaskazini, Ulaya na Australia kwa likizo, kwa kazi za msimu au kama makazi ya kudumu.

Mara nyingi uvujaji hauanzii katikati ya paa, bali mahali ambapo vipande viwili vimekutana au kitu fulani kimetobolewa paani. Kwa hiyo kazi hii hutegemea mambo matatu: kutambua mahali hasa maji yanapoingilia, kukausha na kusafisha sehemu hiyo, na kuchagua gundi inayoshikana na aina ya paa husika. Gundi isiyofaa inaweza kuzuia maji kwa wiki chache, kisha ikaachia na kufanya matengenezo yanayofuata kuwa magumu zaidi.

## Umuhimu

Paa la karavani hupokea maji mengi kuliko inavyodhaniwa. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya paa lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.4 huleta takriban lita 360 za maji. Tone moja kwa sekunde huonekana dogo, lakini kwa siku nzima hufikia lita nne hivi.

Karavani nyingi zina fremu ya mbao nyembamba au alumini, plaiwudi, sponji ya kuzuia joto na baridi, na ngozi ya nje iliyogundishwa. Maji yakiingia kati ya tabaka hizo hayatoki kwa urahisi. Mbao hulainika na kuota kuvu, gundi huachia, na ukuta wa nje huanza kuvimba kama malengelenge. Kuvu waozesha mbao huhitaji unyevu. Mbao ambayo unyevu wake haufiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu kwa kawaida haiozi. Ndiyo sababu uvujaji unaorudia kidogo kidogo kwa miezi mingi unaweza kuleta hasara kubwa kuliko mvua moja kubwa iliyoingia na kukaushwa mara moja.

Hasara hiyo huwa nzito zaidi kwa watu wasio na makazi mengine. Huko Marekani wako wastaafu, wafanyakazi wa msimu na familia za kipato cha chini wanaoishi katika karavani mwaka mzima. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya nchi hiyo iliweka maelfu ya familia katika trela za aina hii kama makazi ya muda. Kwa mtu wa namna hiyo, kopo moja la gundi lililotumika kwa wakati linaweza kuokoa nyumba.

## Aina za mapaa

Aina ya paa ndiyo huamua vifaa vya kuzibia. Zilizo za kawaida ni nne:

* Mpira wa EPDM ni utando mweusi au mweupe uliogundishwa juu ya plaiwudi. Hustahimili jua na hunyumbulika, lakini huharibiwa na petroli, mafuta ya taa, thina na lami.
* Plastiki ya TPO hufanana na mpira kwa macho, ila ni ngumu kidogo na mara nyingi ina uso unaong'aa zaidi.
* Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa na utomvu wa plastiki, ni ngumu na laini. Huweza kupata nyufa nyembamba kutokana na mitikisiko.
* Alumini hutumika kwenye karavani za zamani na katika zile za Airstream, kampuni iliyoanzishwa na Wally Byam katika miaka ya 1930. Bati zake huunganishwa kwa ribiti au skrubu. Byam aliongoza msafara wa karavani za aina hiyo kutoka Cape Town hadi Cairo mnamo 1959 na 1960, uliopita pia Afrika Mashariki na Ethiopia.

Mtu asiyejua aina ya paa lake huangalia kitabu cha mtengenezaji, au kipande cha utando kinachoonekana chini ya kifuniko cha tundu la hewa.

## Sababu za uvujaji

Karavani husafiri, na kila barabara mbovu huitikisa. Viungo vyake husukumwa na kuvutwa kwa namna ambayo paa la nyumba ya kawaida halijui. Joto nalo huongeza kazi hiyo. Alumini hutanuka takriban milimita 0.023 kwa kila mita moja na kila nyuzi moja ya selsiasi. Bati la mita 6 likipashwa joto kutoka nyuzi 10 asubuhi hadi nyuzi 50 juani huongezeka urefu kwa zaidi ya milimita 5. Gundi iliyokauka na kupoteza mnyumbuko haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka au kubanduka.

Sehemu zinazovuja mara kwa mara ni hizi:

* kingo za mbele na nyuma, ambako paa hukutana na kuta;
* pembeni mwa matundu ya hewa, dirisha la paa na antena;
* kuzunguka bomba la hewa la choo na mifereji;
* chini ya kiyoyozi, hasa mpira wake wa kuzuia maji ukibonyea;
* vichwa vya skrubu na ribiti, kama paa la mabati linavyovuja kwenye tundu la msumari.

Matawi ya miti pia huchana utando wa mpira, na maji yaliyotuama kwenye bonde la paa huchosha gundi iliyo karibu nayo.

## Kutafuta chanzo

Doa la ndani halionyeshi tundu lilipo. Maji huingia mahali fulani, hufuata mbao au waya kuelekea upande wa chini, kisha hudondoka mbali na pale yalipoingilia. Karavani ikiwa imeegeshwa kwa kuinama mbele, doa la mbele linaweza kuwa limetokana na tundu la katikati au la nyuma.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kweli kuna uvujaji. Pumzi za watu na mvuke wa kupika hugeuka matone kwenye dari yenye baridi. Unyevu unaotokea baada ya usiku wa baridi bila mvua huenda ni wa aina hiyo, na dawa yake ni kupitisha hewa.

Baada ya hapo paa hukaguliwa kwa macho na vidole. Hutafutwa nyufa katika gundi ya zamani, kingo zilizoinuka, skrubu zilizotoka na sehemu zinazobonyea. Ndani, kipima unyevu husaidia kufuatilia njia ya maji ukutani.

Kama chanzo hakijaonekana, mpira wa maji hutumika. Mtu mmoja hukaa ndani na mwingine humwaga maji polepole juu, akianzia sehemu ya chini ya mteremko na kupanda kidogo kidogo. Akianzia juu, maji yatateremka kwenye viungo vyote na haitajulikana ni kipi kilichovuja. Mashine za maji ya shinikizo kubwa hazifai, kwa kuwa zinaweza kusukuma maji hata kwenye kiungo kizima. Baadhi ya mafundi hutumia njia nyingine: feni husukuma hewa ndani ya karavani iliyofungwa, na maji ya sabuni hupakwa nje. Mapovu huota pale hewa inapotoroka.

## Vifaa vya kuzibia

Gundi inayojisawazisha hutumika kwenye mapaa bapa ya EPDM na TPO. Ikimiminwa hutambaa yenyewe na kufunika vichwa vya skrubu na kingo. Kwenye sehemu zilizosimama wima hutumika aina nzito isiyotiririka.

Gundi ya poliyurethani hutumika sana kwenye alumini na faiba kwa sababu hushika kwa nguvu na bado hunyumbulika.

Tepu ya butili ni ukanda laini unaonata unaowekwa chini ya fremu ya dirisha au kifuniko kabla ya kukaza skrubu. Huziba kutoka chini, ilhali gundi ya juu ni ulinzi wa ziada.

Tepu ya kuzibia paa ni pana, ina gundi nzito upande mmoja na utando unaostahimili jua upande wa pili. Hufaa kwa mchaniko au kiungo kirefu. Ikishashika ni vigumu kuibandua, hivyo hupimwa na kupangwa kabla ya kuondoa karatasi yake.

Silikoni ya kawaida ya madirisha na bafu hupatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na kwa hiyo ndiyo huchukuliwa haraka mvua inapotisha. Hata hivyo haishiki vizuri kwenye mpira wa EPDM, na mabaki yake huzuia gundi nyingine kushika baadaye. Fundi anayekuta silikoni ya zamani hulazimika kuikwangua yote kabla ya kuanza kazi. Lami ya mapaa ya nyumba nayo haifai kwa EPDM, kwa kuwa mafuta yaliyomo huvimbisha mpira.

## Hatua za kuziba

1. Kukausha. Kazi hufanywa siku kavu yenye joto la kiasi. Mbao zikiwa zimelowa huachwa zikauke kwanza, kwa msaada wa feni ikibidi. Kuziba juu ya mbao mbichi ni kufungia unyevu ndani.
2. Kuondoa gundi mbovu. Sehemu zilizopasuka au kuinuka hukwanguliwa kwa kisu cha plastiki. Kisu cha chuma kinaweza kuchana utando. Gundi ya zamani ambayo bado imeshika vizuri inaweza kuachwa, mradi mpya ni ya aina inayopatana nayo.
3. Kusafisha. Paa husuguliwa kwa sabuni na maji, kisha huachwa likauke. Mpira uliozeeka hutoa unga mweupe, na gundi ikiwekwa juu ya unga huo itashika unga badala ya paa. Mwishoni sehemu hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kama maelekezo ya gundi yanaruhusu.
4. Kukaza. Skrubu zilizolegea hukazwa. Ikiwa tundu limepanuka, skrubu hubadilishwa kwa nene kidogo. Ikiwa mbao imeoza, kukaza hakutasaidia.
5. Kuziba. Gundi huwekwa kwanza ukingoni, kisha juu ya kila kichwa cha skrubu, bila kuacha mapengo. Tepu hubandikwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kukandamizwa kwa rola ili hewa itoke.
6. Kusubiri na kupima. Uso wa gundi hukauka mapema kuliko ndani yake. Kukauka kabisa kunaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo, jaribio la maji hurudiwa.

## Matundu yasiyozibwa

Si kila tundu ni kasoro. Vijitundu vilivyo chini ya fremu ya dirisha hutoa nje maji yaliyoingia kwenye reli zake. Vikizibwa, maji hurudi ndani. Bomba la hewa la choo na mifereji huzibwa pembeni tu, kamwe si mdomoni. Vivyo hivyo tundu la paani la friji ya gesi huondoa joto na moshi wa kuungua. Kulifunika kunaweza kusababisha moto au kuingiza ndani kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

## Usalama

Kuanguka ndiyo hatari kubwa ya kazi hii. Ngazi huwekwa kwenye ardhi imara na kushikwa na mtu wa pili. Paa lililolowa, hasa la mpira, huteleza sana. Mapaa mengine hayakuundwa kubeba mtu. Kwa hayo fundi hufanya kazi akiwa kwenye ngazi. Hata yale yanayoruhusu kupandwa huwekewa ubao mpana ili uzito usambae kwenye mihimili.

## Kinga na mipaka ya kazi ndogo

Vitabu vya watengenezaji wengi huelekeza kukagua gundi ya paa kila baada ya miezi michache, na pia baada ya safari ndefu au dhoruba. Kuweka tarehe na picha za kila ukaguzi husaidia kuona ufa ulioongezeka. Turubai linaweza kuzuia mvua kwa siku chache, ila likiachwa lipigwe na upepo husugua paa na kulitoboa. Kupaka rangi ya mpira juu ya paa zima hupunguza athari ya jua, lakini hakuponyi kiungo kilichoachia. Kiungo huzibwa kwanza.

Kazi ndogo ina mwisho wake. Paa likibonyea mguuni, ukuta ukivimba, au dari ikinuka kuvu hata wakati wa kiangazi, maji yamekwisha kufika kwenye fremu. Hapo gundi mpya huficha tu uharibifu unaoendelea. Sehemu hufunguliwa, mbao zilizooza hukatwa na kubadilishwa, na ndipo paa hufungwa tena.