Ganzi Si Kinga ya Kidonda

Katika Injili ya Mtakatifu Luka twasoma habari za maskini Lazaro, aliyelala mlangoni pa tajiri, na mbwa wakaja kumlamba vidonda vyake. Kwa ajili ya maneno hayo wako wanaosadiki kwamba ulimi wa mbwa ni dawa. Injili haisemi hivyo. Yatuonyesha tu jinsi maskini yule alivyoachwa na wanadamu. Ulimi wa mbwa una vijidudu vingi, na mbwa aliyepasuliwa, akiachwa ajilambe, hufumua mwenyewe kazi yote ya mganga.

Jambo hili lawahusu jamaa nyingi za Butembo na Beni. Mbwa ni mlinzi wa nyumba usiku na mwenzi wa mkulima shambani. Naye huumia: hukatwa na panga, hunaswa na waya wa mtego, hupigana na wenzake, au mwenyewe ataka ahasiwe asizurure. Kumlaza mbwa usingizi kabisa kwahitaji dawa za bei na ujuzi mwingi. Kwa hiyo kazi ndogo nyingi hufanywa kwa sindano ya ganzi: mbwa yu macho, lakini pale penye kisu hasikii maumivu.

Ganzi hiyo ni zawadi kubwa. Mwaka 1884, katika mji wa Vienna, mganga Carl Koller alionyesha kwamba jicho laweza kutiwa ganzi kwa kokaini. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Uswidi alitengeneza lidokaini, ambayo hata leo hutumika kwa watu na kwa wanyama. Dawa hii huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari za maumivu kwenye ubongo. Huanza kazi baada ya dakika chache, nayo hudumu muda wa saa moja au mbili tu.

Basi mbona vidonda vingine huharibika baadaye? Sababu zake ni hizi.

Kwanza, ganzi huondoa maumivu, haisafishi kidonda. Ngozi isiyonyolewa na kuoshwa, bomba la sindano lililotumika jana, mikono michafu: hivyo vyote huingiza vijidudu ndani, hata kama mbwa alitulia kimya.

Pili, wengine hutia dawa nyingi mno. Kingo za kidonda hujaa maji na kuvimba. Uvimbe ukiisha nyuzi hulegea, au zikiwa zimekazwa mno hukata nyama. Tena dawa ikizidi ni sumu: mbwa hutetemeka, hushikwa na kifafa, na moyo waweza kusimama. Wanafunzi na wapige hesabu hii. Waganga wengi huweka mpaka wa miligramu 5 hivi kwa kila kilo ya uzito wa mbwa. Dawa ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Basi mbwa wa kilo 10 asipewe zaidi ya mililita 2 na nusu. Asiyejua uzito wa mbwa wala nguvu ya dawa, asishike sindano.

Tatu, chupa nyingine za ganzi zimechanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu. Damu hupungua wakati wa kukata, na hilo ni jema. Lakini mishipa ikifunguka tena, damu yaweza kuvuja chini ya ngozi na kufanya uvimbe. Na penye damu haba, kama ncha ya mkia au ukingo wa sikio, nyama yaweza kufa.

Nne, sindano haifai kuchomwa katikati ya usaha. Ganzi hufanya kazi kidogo sana hapo, nayo sindano yaweza kusukuma vijidudu mpaka kwenye nyama nzima.

Ganzi ikiisha, maumivu hurudi, na mbwa hugeuka kulamba na kung'ata nyuzi. Hapo kazi ni ya jamaa nzima. Mvikeni shingoni mduara mpana wa plastiki au wa karatasi ngumu, mdomo usifike kwenye kidonda. Alale pakavu. Msimpe vidonge vya watu: ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Msimwagie majivu wala mafuta ya gari. Uvimbe mdogo wa siku ya kwanza na ya pili si ajabu. Lakini ukizidi baada ya siku ya tatu, au pakitoka usaha na harufu, au mbwa akikataa chakula, mpelekeni kwa mganga wa wanyama upesi. Nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Watoto wasimkaribie mbwa mwenye maumivu. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende zahanati siku ileile, kwa ajili ya hatari ya kichaa cha mbwa.

Hatukosi walimu wa mambo haya. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, kina kitivo cha uganga wa wanyama. Tena somo la mikono safi tulilipata kwa machozi wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri.

Katekisimu ya Kanisa yafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Fedha kidogo twaiokoa kwa kumwita mtu yeyote mwenye sindano, lakini mnyama hulipa kwa mwili wake, nao watoto wetu hutazama na kujifunza. Na wajifunze kwetu huruma yenye maarifa.