Marekani, Nchi ya Wadai Hesabu

Nchi ya Marekani ina majimbo 50 na eneo lipatalo kilomita za mraba milioni 9.8, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta humo watu 331,449,281. Imepakana na bahari kuu mbili, mashariki na magharibi. Mto Mississippi huipasua katikati. Na baridi yake ni baridi ambayo mtu wa Boito, kwetu Kenya, aliyezoea ukungu ushukao kutoka msitu wa Mau, hudhani anaijua mpaka siku itakapomkata masikio. Nilikwenda huko mwezi wa Machi mwaka 2025 kumzuru mwana wa ndugu yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa, nikiwa nimeazimia kuandika habari za nchi ile kwa utaratibu: mashamba kwanza, kisha viwanda, kisha chakula na desturi.

Mashamba, basi. Iowa hutoa mahindi mengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Udongo wake ni mweusi, na shamba la mtu mmoja huchukua ardhi ambayo kwetu ingegawiwa jamaa mia. Sehemu kubwa ya mahindi hayo hulishwa mifugo au hugeuzwa mafuta ya magari. Chakula ni kingi na kina sukari. Chai wengi huinywa baridi, yenye barafu. Jengo la baraza la kutunga sheria la jimbo lina kuba lililopakwa dhahabu, nalo hupendeza sana jua lizamapo. Viwanda sikuviona.

Nimeyaandika hayo kwa kutimiza ada, maana kilichouteka moyo wangu kule, kikaniondolea hata hamu ya kuyahesabu mengine, ni jambo moja: namna watu wale wanavyodai hesabu kwa wale waliowakabidhi amana.

Jioni moja jirani wa mwanangu, mzee mkulima aliyepita miaka sabini, mhafidhina tangu ujana wake, alinichukua katika kikao cha bodi ya shule. Sheria ya Iowa huamuru vikao vya namna hiyo vifanywe hadharani na vitangazwe saa 24 kabla. Mzee alisimama na karatasi tatu alizoziomba kwa barua katika ofisi ya bodi, akasoma tarehe, akasoma kiasi cha fedha, kisha akauliza kwa nini matairi ya mabasi ya shule yamenunuliwa kwa bei iliyopita ile ya duka lililo ng'ambo ya barabara. Hakutukana wala hakupiga meza. Mwekahazina alifungua jalada, akautafuta ukurasa, akaeleza kwamba matairi yale ni ya kutembelea juu ya theluji. Mzee akajibu kwamba bei ya matairi ya theluji nayo anaijua, akaomba kuona ankara. Akaahidiwa ankara kabla ya Ijumaa, na ahadi ile ikaandikwa katika kumbukumbu za kikao. Walipotoka, wawili hao waliulizana habari za mvua na za kupanda mahindi.

Nilimwambia mwanangu kwamba kwetu mzee yule angehesabiwa adui wa shule. "Baba mdogo," akanijibu, "wajukuu wake wanasoma pale pale."

Wahafidhina wa Marekani wana itikadi ambayo mtu aweza kuikubali au kuikataa, lakini inafaa aifahamu: kwamba fedha ya serikali imetoka mfukoni mwa mtu, na kwamba taasisi isiyoulizwa, iwe ni wizara, gazeti au chuo kikuu, hugeuka kutoka utumishi ikawa ubwana. Mfano wao mashuhuri ni mzaliwa wa Iowa, Charles Grassley, mkulima aliyezaliwa mwaka 1933 na kuketi katika Seneti tangu 1981, ambaye kila mwaka huzuru wilaya zote 99 za jimbo lake ili aulizwe maswali. Huyu ndiye aliyesimamia, mwaka 1986, kuhuishwa kwa sheria ya tangu enzi ya Lincoln, mwaka 1863, ambayo kwayo raia anayefichua wizi wa mali ya serikali huweza kushtaki kwa niaba ya dola na kupewa baina ya asilimia 15 na 30 ya fedha zitakazorudishwa. Niliisoma habari hiyo mara tatu, kwa kuwa sisi tumezoea kuona mfichuzi akihamishwa, akitishwa, au akiachwa bila kazi, na hapa palikuwa na dola iliyomwita na kumlipa ujira.

Vyuo vikuu navyo hawaviachi. Ilianza zamani: mwaka 1951 kijana wa miaka 25, William F. Buckley, aliandika kitabu cha kukishutumu chuo alichohitimu, Yale, akidai kwamba wanaokifadhili wana haki ya kujua kinafundisha nini. Mwaka 2008 Grassley na mwenzake wa chama cha pili, Max Baucus, waliviandikia barua vyuo 136 vyenye akiba kubwa, wakiuliza kwa nini ada zapanda na huku hazina zimejaa. Na tarehe 5 Desemba 2023 wakuu wa Harvard, Pennsylvania na MIT waliketi mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi wakahojiwa juu ya chuki dhidi ya Mayahudi katika vyuo vyao. Kabla ya mwezi kwisha tangu siku ile, wawili kati yao walikuwa wamejiuzulu. Katika mahojiano yale mlikuwa na siasa nyingi, na hilo sitalificha. Lakini wakuu wa vyuo vyenye hazina ya mabilioni waliitikia wito, wakaketi, wakajibu.

Ama magazeti na televisheni, ugomvi wao mkubwa ulianzia Des Moines penyewe. Tarehe 13 Novemba 1969 Makamu wa Rais, Spiro Agnew, alihutubu pale akilalamika kwamba watu wachache, wasiochaguliwa na yeyote, huamua kila usiku mamilioni wasikie nini. Miaka minne baadaye, Oktoba 1973, Agnew alijiuzulu mwenyewe akiandamwa na tuhuma za rushwa, asiyapinge mahakamani mashtaka ya kukwepa kodi. Hapa ndipo ilipo ila ya wahafidhina, nayo ni ila ya binadamu wote: ghera ya kuuliza hupungua aulizwapo mtu wa upande wao. Januari 2025 Rais Trump aliwafukuza wakaguzi wakuu wapatao 17, watu ambao kazi yao ni kuchunguza wizara kutoka ndani, na wengi wa chama chake walinyamaza. Grassley, aliye wa chama kile kile, alimwandikia akidai maelezo, kwa kuwa sheria yataka Bunge lipewe taarifa siku 30 kabla. Kwangu mimi barua hiyo ina uzito zaidi kuliko hotuba zote za Agnew.

Mawazo yangu yalirudi Boito. Katika kituo kimoja cha kununulia majani chai, ambacho sitakitaja, niliwahi kuiona mizani ikisoma kilo 14 na kitu, na karani akaandika 13. Mke wangu alinitazama; nikachukua kapu tukaenda zetu, tukanung'unika njia nzima. Kila bonasi itangazwapo, nasi wa magharibi ya Bonde la Ufa tukalipwa chini ya wenzetu wa mashariki, twasema sana hotelini na sokoni, na mkutano wa wakulima uitishwapo tunakwenda mikono mitupu, hatuna hata risiti moja ya kuonyesha. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa taarifa kila mwaka, na humo yametajwa mara kwa mara madeni ya vyuo vyetu vikuu vya umma, ambavyo tumeuza ng'ombe ili watoto wetu wasome humo. Sijakutana kijijini na mzazi aliyeisoma taarifa hiyo, na mimi mwenyewe sikuwa nimeisoma mpaka niliporudi.

Wala tusiseme kwamba wenzetu wana sheria na sisi hatuna. Sheria yao ya kupata habari za serikali ni ya mwaka 1966, na humpa afisa siku 20 za kazi kujibu. Yetu ni ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya kifungu cha 35 cha Katiba, nayo humpa siku 21. Yaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kuomba hakulipiwi, isipokuwa gharama ya nakala. Na asiyejua kuandika, afisa ni wajibu wake kumsaidia mpaka ombi lake likamilike. Sababu yako ya kutaka habari haikupunguzii haki ya kuipata.

Ombi langu la kwanza, kuhusu fedha za barabara inayopita karibu na shamba letu, nimeliandika kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja na kulipeleka kwa mkono wangu. Leo ni siku ya 9.